Rangi ya Zambarau Juu ya Ikwavila

Harufu iliingia garini hata kabla hawajaona nyumba ya kwanza ya Ikwavila. Dereva alipandisha vioo, lakini alikuwa amechelewa. Ilishaingia, nzito, yenye utamu wa kitu kilichooza, ikakaa nao kwenye viti. Bwana Kaijage, Mkurugenzi wa Ofisi ya Ramani ya Kesho, alitoa leso yenye manukato akajifunika pua. Nyuma yake Edina Mlowe alibana pumzi, kisha akaona aibu, akaiachia.

"Kuna mnyama kafa," alisema Kaijage ndani ya leso. "Andika, mwanangu. Mifugo imeachwa. Ni dalili nzuri."

"Dalili nzuri ya nini, Mkurugenzi?"

"Kwamba watu wameondoka. Kwani tumekuja kuhakiki nini?"

Walikuwa wamekuja kuhakiki ramani. Miaka kadhaa nyuma, kielelezo cha ofisi yao, programu ya kubashiri ardhi itakavyotumika, kiliikata nchi nzima vipande vipande, kila kiraka kikubwa kama uwanja wa mpira, na kila kiraka kikaulizwa maswali yaleyale: udongo wako ukoje, umeinama kiasi gani, barabara iko mbali kiasi gani, na majirani zako ni nani? Kompyuta ikayachezesha majibu hayo mwaka baada ya mwaka, kiraka kikimwambukiza jirani yake rangi kama upele, mpaka ikatokea picha ya nchi itakavyokuwa. Kijani ilikuwa mashamba. Nyekundu ilikuwa makazi ya watu. Zambarau ilikuwa misitu ya hewa, miti isiyopandwa kwa mbao wala kuni, bali kwa ajili ya kuziuzia nchi za mbali hewa safi. Ikwavila ilitoka zambarau kuanzia bondeni hadi kileleni.

Na kwa kuwa Sheria ya Kesho ilikataza fedha ya umma kutumiwa mahali ambapo kesho hapatakuwa na watu, mlango wa zahanati ya Ikwavila ulikuwa umepigwa mbao mbili za msalaba na kupakwa rangi hiyohiyo ya zambarau. Dereva alisimamisha gari mbele yake. Shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilibaki kuta tu. Mabati yalikwenda na wenye nguvu za kuyabeba.

Kaijage hakushuka. Aliifungulia droni dirisha ikaruka kuhesabu mapaa, naye akainamia kishikwambi akitabasamu. Edina alitumwa kuangalia kisima.

Alikuwa na miaka minne tu katika ofisi ile. Alipoulizwa na watu kazi yake ni nini, alipenda kujibu kwamba wao ni kama watu wa hali ya hewa: mvua hawaileti, wanaitangaza tu. Ni yeye aliyeandika upya sehemu ya kielelezo inayoitwa kanuni ya jirani, ile inayoamua zambarau ikishika kiraka kimoja itakipanda cha pembeni kwa kasi gani. Kanuni hiyo ilisifiwa sana. Aliyekuwa anaisifia zaidi alikuwa Kaijage.

Kisimani palikuwa na kisiki cha bomba kilichozibwa kwa saruji. Pampu ya sola ilikuwa imeng'olewa, na alama za boliti bado zilionekana kwenye zege. Edina akaifuata harufu ikampeleka kwenye lambo nyuma ya zahanati, na hapo akamwona ndama. Alikuwa akielea ubavu, tumbo limevimba na kutuna kama ngoma, inzi wamemfunika macho kwa unene wa kitambaa. Maji yaliyomzunguka yalikuwa na utando wa kijani. Upande wa pili, hatua chache tu kutoka kwa mzoga, mwanamke alikuwa amechuchumaa, anausukuma ule utando kando kwa kiganja, polepole, kama mtu anayeengua povu kwenye mchuzi, kisha anachota.

Edina alisogea ukingoni. "Mama," alisema, "hayo maji."

"Nayaona," alijibu yule mwanamke bila kugeuka. "Wewe ndiyo kwanza unayaona."

Aliitwa Tulalumba Nyagawa. Alipojitwisha ndoo yake alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kitambulisho kilichoning'inia shingoni, kisha akamwambia amfuate, kwa sababu mgeni haachwi amesimama lamboni. Nyumba yake ilikuwa safi. Ua umefagiwa, sufuria zimeanikwa kichanjani. Alichemsha maji, akakoroga uji, akamimina kikombe kimoja na kukitanguliza mbele ya Edina.

"Wenye nguvu wameshaondoka," alisema. "Tumebaki wenye wagonjwa na wenye makaburi mapya. Mimi nina kaburi jipya. Mume wangu aliharisha wakati wa kupalilia. Tulimpakia kwenye baiskeli tumpeleke zahanati ya mbali, maana hii yetu mmeipaka rangi. Hatukufika."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Tuliambiwa mashine imeona kwamba tutahama. Tukakaa tuone itatuhamishaje. Wakaja kung'oa pampu."

Edina aliyasema yale aliyozoea kuyasema, na safari hii aliyasikia yakimtoka mdomoni kama maneno ya mtu mwingine. Kielelezo hakiamui chochote. Kinaangalia udongo, mwinuko, barabara, majirani, kisha kinaonyesha panapoelekea kuwa msitu.

Tulalumba alisikiliza mpaka mwisho. "Watu wa Mdenga wako hapo nyuma ya kilima," alisema. "Udongo ni huuhuu. Barabara inapita kwao kabla ya kufika kwetu. Tunaoana nao tangu enzi za mababu. Mbona wao wamebaki nyekundu?"

Edina alizaliwa Mdenga. Mama yake alikuwa huko siku ile ile, pengine anaosha vyombo chini ya bomba. Hakusema. Aliangalia kikombe. Juu ya uji palikuwa na kitu chembamba cha kijani kama uzi, kilichonusurika kwenye kuchujwa na kuchemshwa. Alikunywa wote. Ulikuwa na ladha ya moshi, na chini ya moshi ile harufu. Kuumwaga mbele ya aliyempikia kungekuwa uchafu mkubwa kuliko ule uliokuwa kikombeni.

Aliporudi garini, Kaijage alimgeuzia kishikwambi. Mapaa yaliyobaki yalikuwa machache mno, yamezungukwa na zambarau kila upande.

"Usahihi wa asilimia tisini na nne," alisema. "Tumepatia, mwanangu. Hakuna ofisi Afrika nzima itakayotufikia."

"Tumewang'olea pampu, Mkurugenzi. Nani angebaki?"

"Sheria imefanya kazi yake, sisi tumefanya yetu." Aliirudisha leso mfukoni. "Twende. Mahali hapa pananuka."

*

Huko Dodoma tumbo lilimsokota Edina kwa siku kadhaa. Alikuwa akitoka chooni anarudi mezani, anatoka tena, na kila alipofumba macho aliona kile kiganja kikisukuma utando. Wenzake walimletea chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, na dawa. Alizimeza, lakini kichefuchefu kilikuwa kimejipatia makao mengine mbali na tumbo.

Swali la Tulalumba lilikuwa dogo, na kielelezo kingeweza kulijibu. Kabla ya kugawa rangi, kompyuta husoma kwanza tabaka la vizuizi: mahali pasipoguswa hata pangekuwa panafaa namna gani. Makaburi, kambi za jeshi, vyanzo vya maji. Asubuhi moja Edina alilizima tabaka hilo zima, akakiacha kielelezo kigawe rangi kwa kufuata ardhi yenyewe tu. Alisubiri ramani ijichore.

Zambarau ilianza Mdenga. Ilikipanda kijiji chao chote, ikafika ukingo wa kilima, ikasimama. Ikwavila ilibaki nyekundu na kijani, na mashamba yake, na zahanati yake.

Alilirudisha tabaka. Mdenga ikawa nyekundu tena, na zambarau iliyokosa mahali pa kukaa ikamwagikia ng'ambo ya kilima. Alikuza picha. Juu ya nyumba ya mama yake palikuwa na alama ya bluu: chanzo cha maji. Edina alikulia pale. Aliijua kila chemchemi ya Mdenga, na pale hapakuwa na chemchemi; palikuwa na zizi la nguruwe.

Alianza kutafuta alama nyingine za bluu. Kulikuwa na moja ukingoni mwa ziwa kaskazini magharibi, kwenye kijiji kilichokuwa na jina la ukoo wa kina Kaijage. Kulikuwa na moja kwao dereva. Moja ilikuwa kwao yule dada aliyemletea chumvichumvi. Zilikuwa zimetapakaa nchi nzima, vijisiwa vidogo vya bluu, kila kimoja kimekaa nyumbani kwa mtu anayemfahamu, au kwa mheshimiwa ambaye jina lake hulisikia redioni. Na ubavuni mwa kila kisiwa, kila kimoja, palikuwa na kijiji kingine kilichomezwa na zambarau.

Kaijage alikuwa akila ofisini kwake. Alikuwa na bakuli la ndizi na utumbo, shati limefunikwa kwa karatasi laini asije akajichafua, na alipomwona Edina alisogeza kiti kwa mguu.

"Kaa, mwanangu. Umekonda. Ule kidogo?"

"Nani ameweka chanzo cha maji kwetu Mdenga?"

Alitafuna mpaka akamaliza. "Mimi. Wiki ile ulipoajiriwa."

"Sikukuomba."

"Hakuna anayeomba. Ni desturi ya nyumba hii, mgeni huandaliwa. Unadhani ungefanya kazi kwa amani huku unajua mama yako atang'olewa bomba? Ungeiandika ile kanuni ya jirani?" Alikivuta kipande cha utumbo, mchuzi ukamchuruzika kidevuni, akaufuta kwa kidole gumba na kukiramba. "Nilikufanyia kama baba."

Edina alikiangalia kile kidole. Aliona kwamba mtu huyu hana hata chembe ya wasiwasi, kwamba maneno yale aliyasema kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko mchuzi, kuliko ndama. "Kuna mtu amekufa Ikwavila kwa ajili ya zawadi yako."

"Kama si Ikwavila, ni kwingine." Sauti yake haikupanda. "Kama Ikwavila inakusumbua, iwekee kizuizi. Sitauliza. Lakini kabla hujabonyeza, tazama itakwenda wapi."

Alirudi mezani akajaribu. Aliiwekea Ikwavila alama ya bluu. Zambarau ikaruka mto, ikakaa juu ya kijiji alichokuwa hajawahi kukisikia. Alikiwekea nacho kizuizi. Ikashuka bondeni, ikafunika viwili. Ilikuwa kama kukanda mfuko uliojaa maji. Alipobonyeza huku, ulitokeza kule. Chanzo chake kilikuwa namba moja iliyoingizwa mwanzoni kabisa mwa kielelezo, iliyoitwa mahitaji: kiasi cha zambarau ambacho nchi ilikwisha kuahidi kuwauzia wanunuzi wa hewa. Kompyuta haikuwa na uwezo wa kusema hapana. Ilichoweza kusema ni wapi tu.

Mchana ule wote Edina alikaa akiua vijiji na kuvifufua. Kila jina geni lilipozama alijilazimisha kufungua picha za droni na kutazama paa moja, kamba moja ya nguo, njia moja ya miguu. Jioni ilipofika alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna ramani atakayoitengeneza peke yake isiyo na mtu kama Tulalumba ndani yake, na kwamba wenzake wote walilifahamu hilo tangu zamani, wakaamua kuchagua watu wasiowajua.

*

Kikao cha Kamati ya Ardhi kilirushwa moja kwa moja kwenye runinga, kama sheria ilivyotaka. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Shekalaghe, mama mnene mpole wa milima ya Usambara, mwenye sauti ya kubembeleza. Wajumbe walikaa kwa nusu duara, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na kikombe cha chai na sahani ya vitumbua. Kaijage alieleza usahihi wa asilimia tisini na nne, wakampigia makofi. Kisha akamwita Edina aonyeshe ramani ya miaka ijayo, ili waitie saini. Ramani ikishatiwa saini hufungwa, na baada ya hapo hakuna awezaye kuigusa mpaka uhakiki mwingine.

Edina alianza na picha za Ikwavila, zilizopigwa na droni siku ile. Aliwasha projekta, na ndama akatokea ukutani, amejaza ukuta mzima, inzi wake kama ngumi. Picha iliyofuata ilikuwa kiganja cha Tulalumba majini.

Mjumbe mmoja alisukuma sahani yake mbali. Mwingine aligeukia dirisha.

"Mtaalamu," alisema Mheshimiwa Shekalaghe kwa upole, "hizo tuziruke. Wananchi wanatutazama, na wengine wapo na watoto. Na sisi hapa tunakunywa chai."

"Watu wa Ikwavila pia wanakunywa, Mheshimiwa. Wanakunywa hayo."

"Tumekusikia. Tupeleke kwenye ramani."

Basi akawapeleka. Makaburi ya kweli aliyaacha mahali pake, na kambi, na kila chemchemi iliyokuwa na maji ndani yake. Vijisiwa vya uongo alikuwa amevitoa vyote. Nchi ilijichora ukutani taratibu, mwaka juu ya mwaka, na zambarau ikatambaa kuelekea ilikotaka kwenda tangu mwanzo.

Kisha kiti kilisogea. Mjumbe mmoja alinyanyuka, akausogelea ukuta mpaka rangi ikampaka usoni, akaweka kidole mahali na kukiacha pale. Wa pili naye akainuka. Mheshimiwa Shekalaghe alivaa miwani.

"Hapa," alisema, "huku milimani. Hapa si ni kwetu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ramani iliyopita haikuwa hivi."

"Iliyopita ilikuwa na chanzo cha maji hapo. Nilikitafuta kwa droni, nikawaomba watu wa bonde lenu wakitafute kwa miguu. Hakipo. Kama Kamati inataka nikirudishe, naomba Mwenyekiti anielekeze, nitakirudisha sasa hivi wananchi wakitutazama."

Edina alimwona mama yule akiitazama kamera, kisha kikombe chake, kisha Kaijage aliyekuwa amesimama pembeni kama nguzo. Hakuna aliyemwelekeza kitu. Vikombe vilipoa. Mwishowe mjumbe aliyekuwa ukutani aligeuka na kuuliza, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa, "Hii namba ya mahitaji imewekwa na nani?"

"Na ninyi, waheshimiwa," alijibu Edina. "Ipo kwenye mkataba mliousaini."

Mwenyekiti akaomba kikao kiahirishwe kidogo. Walitoka wote, runinga ikapiga nyimbo. Waliporudi, Mheshimiwa Shekalaghe alisoma kutoka kwenye karatasi kwamba Kamati, kwa kuguswa sana na hali ya wananchi wa vijijini, imeamua kukitumia kifungu cha mkataba kinachoruhusu mahitaji kupunguzwa kwa nusu. Kifungu hicho kilikuwemo tangu siku ya kwanza. Chakula cha mchana kilikuwa bado hakijaandaliwa.

Edina aliiandika namba mpya. Mwanaume alikufa juu ya baiskeli, na muda wote ule jambo hili lilihitaji nusu ya asubuhi tu, na mtu wa kuwatisha wenye vikombe vya chai. Wala hawakuona haya. Walikuwa wakipongezana, mmoja amefikia tena kitumbua chake.

Zambarau ilinywea. Iliondoka kwenye milima ya Usambara, ikaondoka ukingoni mwa ziwa; Ikwavila ilibaki nyekundu. Lakini nusu bado ni nyingi, nayo ilikaa palipoifaa zaidi. Ilikaa Mdenga.

Kaijage alimsogelea, akainama kama anayekagua mashine. "Kizuizi kimoja tu," alinong'ona. "Kidogo. Hakuna hapa atakayekiona, wote wametosheka. Zambarau itakwenda kwa watu usiowajua. Wakishasaini ndiyo basi, mwanangu. Mfikirie mama yako."

Alimfikiria. Alimwona akichota maji na kuimba, alivyokuwa akifanya kila siku ya maisha yake. Alifikiria pia kwamba atabonyeza, kwa sababu nani asingebonyeza. Na hapo hapo akasikia pumzi ya Kaijage shavuni, yenye harufu ya karafuu na chakula cha jana, ya mtu aliyeshajua jibu lake kabla hajalitoa.

"Sogea, Mkurugenzi," alisema. "Unanifunika."

Akaihifadhi ramani kama ilivyo, wakaitia saini.

*

Alifika Mdenga kabla ya barua za ofisi. Mama yake, Bi Atuvonekye, alimkuta uani amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevaa nguo za mjini, hajavua viatu. Alimpikia chai. Bomba lilikuwa pale pembeni, linang'aa, na chini yake palichipua majani mabichi kwa ajili ya maji yanayomwagika.

Edina alimweleza yote bila kupamba: zawadi ya Kaijage, alama ya bluu juu ya zizi la nguruwe, kikao, na jinsi alivyoacha kukibonyeza kizuizi. Alimweleza kwamba pampu yao itakuja kung'olewa, kwa sababu sheria bado ni ileile. Alitarajia kilio. Alijiandaa hata kwa laana.

Mama yake alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua.

"Siku walipotutangazia kwamba tuna chanzo cha maji, tulicheka," alisema. "Mwenyekiti wa kijiji akatuambia tusicheke kwa sauti. Tulijua kuna mkono wa mtu. Hatukujua ni kwa ajili yako."

"Mkajua na mkanyamaza."

"Tulichinja mbuzi."

Edina alikitazama kikombe chake cha chai. Ilikuwa chai safi, maji yake yamechotwa kwenye bomba lile, na alishindwa kuimeza.

"Kisha wa Ikwavila wakaanza kuja na ndoo," aliendelea mama yake, na sasa mikono yake ilikuwa imesimama. "Mwanzo tuliwapa. Mwenyekiti akasema tukiwazoesha, droni zitawaona hapa, zitahesabu watu wengi mno kwa maji haya, ofisi itashtuka ituchunguze. Tukapanga zamu. Wawili wawili, na fimbo."

"Na wewe?"

"Mimi Alhamisi."

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Edina alisubiri mama yake aseme kwamba alisimama tu, kwamba fimbo hakuinyanyua, kwamba aliwachotea watu kwa siri. Alimpa muda wa kutosha kulisema.

"Kuna mama alikuja na mtoto mgongoni," alisema Bi Atuvonekye. "Alinisalimu kwa heshima zote, 'Kamwene, mama.' Nilimjua. Bibi yake na bibi yangu ni ndugu. Sikumwitikia. Niliinyakua ndoo yake nikaitupa mtaroni, akashuka kuifuata. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikalala vizuri."

Edina alikuwa amebeba kinyaa kile tangu Ikwavila, akakipeleka Dodoma, akakitafutia mwenyewe: Kaijage na leso yake, wajumbe na vitumbua vyao. Hakuwahi kudhani kingefika hapa, kwenye mikono hii iliyomwogesha. Alitamani kunyanyuka aondoke bila kuaga. Alitamani pia kuwa hajauliza.

"Hiyo pampu," mama yake aliuliza, "wanakuja kuing'oa lini?"

"Sijui. Barua zikishatoka."

"Kwa hiyo maji bado yapo."

Alinyanyuka, akaingia stoo, akatoka na madumu mawili ya njano. Aliyaosha, akayaweka chini ya bomba, akasimama akiyatazama yakijaa. Mlinzi wa zamu, jirani yao mmoja mwenye fimbo kwapani, alifika hadi kwenye ua, akamwangalia, akaangalia madumu, akafungua kinywa. Bi Atuvonekye alimtazama mpaka akakifunga.

Alipiga kata ya kanga, akaiweka kichwani, kisha akamgeukia binti yake. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilitetereka. "Tangulia wewe, mwanangu. Wewe wanakujua kwa wema. Mimi wakiniona wataniitikiaje? Ukishawaambia ndiyo na mimi nitatokea."

Edina aliviacha viatu vya mjini pale uani, akalishika dumu la pili.

"Hapana, mama," alisema. "Utatangulia wewe."

Bi Atuvonekye alisimama kidogo, kisha akajitwisha. Njia ya kilimani ilikuwa kali na jua lilikuwa bado juu. Alikwenda akihema, shingo imekaza, maji yakimchuruzika shingoni na kulowesha mgongo wa gauni, na kila alipopunguza mwendo alionekana akisubiri mkono kutoka nyuma. Wapita njia walishangaa kumwona mtu mzima ana mzigo na binti yake yupo. Edina alimfuata hatua kwa hatua, na mpaka wanafika kileleni na mapaa ya Ikwavila yakaonekana, hakumpokea.